Kolumba Alipata, Mimi Ndiye Niliyekosa

Jamani, leo nimesahihisha upya mtihani wa enzi za Ujamaa!

Nilikuwa mwalimu kijana kutoka Tanga, nimepangiwa shule moja huko Lundo, kando ya Ziwa Nyasa.

Siku moja nikaleta darasani vipepeo wawili. Mmoja wa njano mwenye mikia. Mwingine mweusi mwenye madoa meupe, hana mkia.

"Hizi ni aina mbili tofauti," nikafundisha, kifua mbele.

Kolumba, msichana wa dawati la mbele, akanyoosha mkono.

"Hapana, Mwalimu. Hao ni ndugu. Niliwafuga viwavi wao kwenye kopo, wakatoka hivyo hivyo."

Darasa zima likacheka. Mimi nikacheka kuwashinda.

Kwenye mtihani akaandika yaleyale, nikampa kosa kubwa la wino mwekundu.

Sasa nimestaafu, naishi Mbinga mjini. Wiki kadhaa zilizopita nilimwona kipepeo mmoja akitaga mayai kwenye mlimau wangu. Viwavi walipotoka nikawaweka kwenye ndoo, nikafunika kwa chandarua. (Mke wangu hajanisamehe hiyo ndoo.)

Leo asubuhi vipepeo wametoka. Dume la njano, mikia yake hiyo! Jike jeusi lenye madoa meupe. Na jike jingine, rangi ya chungwa!

Mama mmoja!

Nikampigia Kolumba, siku hizi bibi mwenye wajukuu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kolumba, ulipata."

Akauliza:

"Vipepeo?"

Tulicheka mpaka machozi. Kisha akasema, "Ulinikosesha mbele ya darasa zima, Mwalimu. Nisahihishie mbele ya darasa zima."

Haya, darasa langu la Lundo. Mliocheka siku ile, nyoosheni mikono hapa chini.