Siku Niliyoipimia Trekta Sanduku

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana mkisikia kwa Mama Nuru mtasikia na chumvi juu: yule mwanamke aliyeonekana amekaa juu ya boneti ya trekta, mtaa mzima wa Rwezamenyo ukimtazama, akitabasamu huku lango la mpira likianguka nyuma yake, alikuwa mimi. Ndiyo, mimi, Mama Sumaya, fundi cherehani, mtu mzima na watoto wake wanne.

Sasa sikilizeni. Tuko wanawake sita, tumechanga mpaka tukapata trekta ndogo ya kukodisha kwa watu wanaotaka kusawazisha uwanja au njia ya udongo, lakini trekta peke yake haisawazishi kitu, inataka lile sanduku la chuma la kufunga nyuma, halina mfuniko wala kitako, lina meno ya kuchimbua, likipita linakwangua palipoinuka na kujaza mashimo. Nani aende kulichagua? Wakasema Mama Sumaya, yeye ndiye anayejua vipimo. Nikaona sawa kabisa (miaka ishirini napima viuno vya watu, trekta ni nini?), nikavaa futi yangu shingoni nikaenda dukani, huko Gisimenti.

Muuzaji alikuwa dada mmoja mpole, Claudine. Akaniuliza trekta yetu ina nguvu kiasi gani na magurudumu ya nyuma yameachana kiasi gani, nikamtajia, maana nilikuwa nimeipima kila mahali, bado kifua tu.

"Basi chukua hii, mama," akasema, akinionyesha sanduku moja dogodogo. "Inapita magurudumu kidogo huku na huku, inafunika alama zao. Iko sawa na nguvu yenu."

"Na lile kubwa pale?"

"Oya, mama, hapana! Ile iko ya trekta kubwa. Yenu haitaiweza."

Akaniandikia hata vipimo kwenye karatasi, masikini. Lakini mimi nilikuwa naangalia lile kubwa. Ninyi mnajua sare ya shule inavyoshonwa: mtoto wa miaka saba unamshonea ya miaka tisa, mkono unakunjwa, mwakani anakunjua. Nikajiambia kazi itakua, kikundi kitakua, kwa nini tununue dogo leo halafu tununue tena kesho? (Trekta haikui, jamani. Nimelijua hilo mbele za watu.) Nikachukua kubwa. Claudine akatikisa kichwa, akaniuzia.

Nyumbani wenzangu wakalizunguka. Hadija, dereva wetu, ambaye hasemi sana, akauliza kama muuzaji amesema trekta italiweza. Na hapo, badala ya kusema ukweli, mdomo wangu ukasema, "Kwani nani kanichagulia? Yeye mwenyewe!" Wakaridhika. Mimi pia nikaridhika, ndilo la ajabu.

Ikafika Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwezi. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kiwanja cha mpira, mvua ilikuwa imekichimba mifereji, na Bwana Anastase, mkuu wetu wa umudugudu, yaani wa mtaa, alikuwa ametuahidi kwamba kikundi kikikitengeneza vizuri, kazi ya kutengeneza njia zote za udongo za pale atatupendekeza tupewe sisi. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yetu ya mwaka mzima. Watu wamekuja na majembe, mimi nikapita katikati yao kama bibi harusi nikisema, "Wekeni chini, wekeni chini, leo mtatazama tu."

Wakatazama. Hadija akashusha sanduku, meno yakaingia ardhini, trekta ikaenda hatua kama kumi, sanduku likajaa udongo, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka palepale yakichimba shimo na kuturushia matope. Akajaribu kulinyanyua sanduku. Halikunyanyuka, kilichonyanyuka ni pua ya trekta, magurudumu ya mbele juu, kama mbuzi anayetafuta majani juu ya ua. Watu wakasema "Yewe!" kwa pamoja. Hadija akashusha upesi.

Mtu mwenye akili angesimamisha kazi. Mimi nikasema mbele panataka uzito, na uzito (tusifichane) ninao, nikapanda boneti na sketi yangu na kila kitu. Na kweli ikatulia! Sanduku likanyanyuka, trekta ikatoka shimoni, watu wakapiga makofi, nami nikapunga mkono.

"Mama Sumaya, sioni mbele!" Hadija akapiga kelele.

"Nakuonea mimi! Pitia hapa pembeni ya lango, tugeuze!"

Lango lenyewe lilikuwa la miti, vijana wa mtaa walikuwa wamelisimika juzi tu. Nikaangalia trekta, nikaangalia mti, nafasi ipo, tena ya kutosha. "Inapita! Inapita!" Nayo trekta ikapita. Sanduku, lililotokeza huku na huku, halikupita. Nikasikia kishindo, nikadhani wananishangilia.

Baada ya umuganda, kama kawaida, tukaketi kwenye mkutano, mimi na matope yangu mpaka kwenye nyusi. Vijana wamenuna. Mama Nuru, mmoja wa sisi sita, akasimama, amekasirika kwa niaba yangu: "Huyu dada wa dukani ametudanganya! Amemuona mwenzetu mwanamke, akamuuzia chuma ya watu wengine!"

"Jumatatu tunaenda pale wote," Bwana Anastase akasema. "Na bosi wake anatoka tunaongea. Mtu kama huyo hapaswi kuuza."

Watu wakaitikia. Nami kichwani nikamuona Claudine anaitwa mbele ya bosi wake, na karatasi aliyoniandikia ikiwa imekunjwa kwenye pochi yangu. Njia ya mwongo ni fupi; yangu ilikuwa imeishia hapo kwenye nyasi. Nikanyoosha mkono.

"Dada alinikataza," nikasema. "Nililitaka mimi. Nikawadanganya."

Halafu Hadija, yule asiyesema, akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala chini, na kiwanja kizima kikamfuata, hata vijana. Mimi nikalia kidogo, nikacheka kidogo.

Adhabu ilikuwa kusimika lango upya, mimi na wanangu. Claudine alitubadilishia sanduku, ingawa aliniangalia sana. Umuganda uliofuata Hadija akakisawazisha kiwanja kabla jua halijawa kali, na kwa zile njia tukapendekezwa sisi. Mimi sikuruhusiwa kugusa mashine. Nilipewa kugawa maji ya kunywa, nikayagawa vizuri.

Kuchagua vitu vya kikundi nimewaachia wenzangu, na wala sijaombwa tena. Kiapo changu ni kingine: nikikosea, nitasema siku ileile, nikiwa bado nimesimama chini.