Mabati Mapya ya Ukweni

Kazi yangu ni kupima joto bila kuligusa. Nimepanga chumba Kakoba, hapa Mbarara, nashinda mbele ya kompyuta nikitazama picha za setilaiti: nyekundu ni pa moto, buluu ni pa baridi. Naweza kukueleza jinsi lami ya mjini inavyolinywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Feni sina, lakini maelezo ninayo tele.

Siku moja, kwenye picha ya Nakivale, makazi ya wakimbizi, niliona doa la buluu katikati ya wekundu. Nikalikuza. Ulikuwa mtaa wa wazazi wa mchumba wangu, ambako karibu kila nyumba ilikuwa imeezekwa upya kwa mabati. Nilifurahi mno. Wiki ileile nilikuwa naenda kuposa, na sasa nilikuwa na zawadi ambayo hakuna mposaji aliyewahi kuipeleka.

Kwetu Kivu Kusini mposaji hukaa kimya. Mjomba wake ndiye asemaye. Siku ilipofika, chini ya mabati yale mapya, mjomba wangu alisema vizuri, tukaomba Mungu, mambo yakawa yanakwenda. Ndipo baba wa binti akanigeukia: "Na wewe mutoto, unafanyaka kazi gani?"

Neno moja lingetosha. Mimi nikasimama, na suti yangu nzito ya kuazima, nikatangaza kwamba setilaiti imethibitisha kuwa mtaa wao ndio wenye baridi kuliko yote ya Nakivale.

Kina mama waliokuwa wakijipepea kwa vitabu vya nyimbo waliacha kujipepea. Mchumba wangu, mlangoni, alijiziba uso kwa kitenge. Mdomo uliponza kichwa: baada ya maneno hayo ningevuaje koti? Nilikaa na vifungo vyangu vyote, natabasamu, jasho likitiririka hadi kwenye soksi. Chuoni somo la bati jipya nilikuwa nimelisinzia. Bati linalong'aa halirushi juu joto lake kama udongo urushavyo. Kama kioo, hurudisha ubaridi wa anga tu, na setilaiti huliona baridi hata likiwa linachoma.

Mjomba alinikanyaga mguu. Mzee alinitazama, akatazama paa, akanitazama tena. Niliogopa kweli. Nilimpenda yule binti, na nilikuwa nampoteza kwa ujuaji wangu mwenyewe.

"Mutoto wangu," mzee akasema, "ile bati inatuunguza humu ndani, na kule juu inajionesha baridi. Na wewe uko vilevile. Siku binti yangu atakukasirisha, sisi tutajua namna gani?"

Nikavua koti, shati limenigandama mgongoni mbele ya watu wote.

"Baba, niko naungua," nikasema. "Na binti yenu ninamupenda mpaka naogopa."

Mzee akageukia mlangoni.

"Mumuletee mukwe wetu maji."