Gachau Hakusema Hivyo

Nyawira alikuwa akichagua maharagwe nyumbani kwake Ruiru simu ilipolia. Ilikuwa ya wifi yake, Waruguru, kutoka hospitali moja ya Thika. "Gachau ametuacha," alisema. "Bwana alitoa," Nyawira akasema. Kile kipande cha kutwaa kikamshinda.

Kaka yake huyo, Gachau, alikuwa mtafsiri wa sinema. Miaka ishirini alishika maikrofoni katika ukumbi wa video wa mabati kule Kamenu, akiwageuzia watu maneno ya wazungu kuwa Kiswahili. Alipendwa hasa kwa filamu ya mtafuta hazina mmoja iliyofika sehemu ya nane. Shujaa wake alikuwa mkavu, hashukuru hata akivutwa kutoka kinywani mwa mamba. Katika sehemu ya saba shujaa huyo akapiga magoti, akaanza kutoa mawaidha. Gachau akakataa kutafsiri.

"Huyu amelishwa maneno," aliwaambia watazamaji. "Mtu wetu haongei hivi." Akamtilia maneno yake mwenyewe: "Inuka twende, goti linaniuma." Ukumbi ukapiga makofi.

Nyawira, mwanakwaya, aliwahi kumsihi, "Si umfanye amshukuru Mungu hata mara moja?"

"Dada, huyu hajasema asante hata kwa aliyempa maji. Leo aanzie kwa Mungu, nani atamwamini?"

Sasa kamati ya mazishi ilimwandikia Gachau mwenyewe maneno. Mwenyekiti, Mzee Zacharia, alimpa Nyawira wasifu asome kanisani. Ulimalizika hivi: "Akiaga alisema, 'Wapendwa, nauona mji wa dhahabu.'"

"Mzee, nani alisikia haya?"

"Nyawira, hayo huwekwa tu. Yanajenga watu."

"Mimi ndiye niliyekuwa naye jioni ile, kabla hajapoteza fahamu. Gachau hajaita mtu mpendwa maisha yake yote. Hata bibi yake, Waruguru, alikuwa akimwita 'wewe' tu."

"Kwani alisema nini?"

Nyawira akamwambia. Mzee akakohoa. "Hiyo haisomeki mbele ya pasta."

"Na kushuhudia uongo je?"

Mzee akaikunja karatasi, akamwachia mkononi. Lakini Nyawira naye alitamani sana kaka yake awe ameuona huo mji, na hilo ndilo lililomtesa.

Alhamisi, siku ya mazishi, alisoma hadi mstari wa mwisho, akasita. "Hapa wameandika aliona mji wa dhahabu. Naomba awe anauona sasa. Lakini jioni ile ya mwisho hospitalini nilimwombea, sala ndefu. Nikasema amina. Akafungua jicho moja: 'Umemaliza? Basi nipe uji, na utie sukari.' Hakusema lingine."

Kicheko kilianza viti vya nyuma, walikokaa wateja wa ukumbi, kikamfikia pasta. Waruguru alicheka huku akilia. "Ni yeye," alisema.

Walimzika saa saba katika shamba la baba yao, ng'ambo ya mto Chania. Kwaya iliimba beti mbili. Pasta aliomba kwa kifupi. Waruguru alitupa udongo, kisha Nyawira, kisha wengine kwa zamu, na wanaume wakashika majembe. Walisimika msalaba, wakapanda maua, watu wakaenda kula.