Mwanamke Mwenye Beseni Kwenye Nyumba ya Mahame

Mimi ni mtu wa kutafuta makosa. Nilifundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na kalamu nyekundu ikishakuzoea, hata ukistaafu haikuachi. Nikisoma tangazo la harusi kanisani, naona herufi iliyokosekana kabla sijajua ni nani anaoa. Watu hawanipendi sana kwa sababu hiyo, nami siwalaumu.

Mke wangu peke yake ndiye aliyenizidi. Tulikuwa tukimaliza chakula cha jioni tunawasha televisheni, na kukiwa na filamu ya mizimu, hapo ndipo ilipokuwa starehe yetu. Wala hatukuogopa. Tulikaa tukisaka makosa kama watu wanaochambua mchele. Mimi nilishika mambo ya ukweli: mwezi uliokuwa mpevu jana na leo ni ukucha, au daktari anayetangaza kifo kabla hata hajamgusa mgonjwa. Yeye alishika vitu. "Huyo msichana aliingia na hereni mbili," alikuwa akisema, macho yakiwa kwenye sukumawiki ya kesho anayokata. "Sasa moja imemezwa na jini?" Watoto wetu walikuwa wameshakwenda zao, mmoja Nairobi na mwingine ng'ambo, na jioni zetu zilikuwa ni hizo. Zilitutosha kabisa.

Basi fikiria furaha yake siku kijana mmoja alipopiga hodi getini kwetu, Kapseret, akasema anatengeneza filamu ya kutisha na kwamba nyumba yetu inamfaa. Ilimfaa kwa sababu ilionekana imechoka. Katika hadithi yake, nyumba imekaa mahame miaka ishirini tangu mke wa mwenye nyumba afariki, na mwenyewe anaporudi anakuta roho ya mkewe ingali inatembea vyumbani. Niliudhika sana. Mtu anakuja kwako, anakunywa chai yako, halafu anakuambia usoni kwamba pale unapolala panafaa kuwa mahame! Mke wangu alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Wape, Baba," akaniambia. "Angalau safari hii tutayaona makosa yakizaliwa."

Tukawapa bure. Walikaa wiki moja ya mwezi wa Juni, na mahindi yetu yalikuwa yamefika magotini. Kila ndege ilipokuwa ikitua uwanjani iliwabidi wasimame wangoje mlio upite, na katika kungoja huko mke wangu aliwapelekea chai na kuwaambia walichokosea. Walimpenda. Sharti lao lilikuwa moja tu: kamera ikishawashwa, mtu yeyote asipite. Mimi nililitii nikakaa upande wa zizi na ng'ombe wangu. Yeye alisema amesikia, kwa sauti ile aliyokuwa akinijibu nayo mimi pia, nami niliyeishi naye najua maana yake.

Siku ya kuondoka, yule kijana alituahidi jambo. Alisema wakishaunganisha picha zote, atatuita sisi wawili ofisini kwake mjini tumtafutie makosa. "Afadhali nyinyi muyaone kwanza," alisema, "kuliko wale watu wa mtandao. Hao hawana huruma." Mke wangu aliingoja siku hiyo kuliko alivyowahi kungoja Krismasi.

Mwezi wa Agosti presha ilimpanda. Tulimpeleka hospitali na hatukurudi naye. Siwezi kulieleza jambo hilo zaidi ya hapo, na sijaribu.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa kijana aliponipigia simu. Nilikwenda peke yangu. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na ngazi nzima inanuka dawa ya kupe. Alinipa pole kwa mikono miwili, akanikalisha mbele ya kompyuta, akasema, "Mzee, usinihurumie. Hata kitu kidogo, sema."

Nikasema. Mwigizaji amefungwa bendeji mkono wa kulia, akiingia chumba cha pili imehamia kushoto. Hilo angelishika mke wangu kabla ya kupepesa jicho. Mimi lilinichukua muda. Kisha mwigizaji anasema ni mkesha wa Krismasi, na nyuma yake mahindi mabichi yamefika magotini. "Kijana," nikamwambia, "Uasin Gishu hii, Desemba kuna mabua. Mkulima wa Moi's Bridge akiona hii atazima televisheni." Alicheka, akasema ataifuta hiyo Krismasi.

Lakini kosa lililonikera zaidi lilikuwa la jioni ya mazishi. Katika filamu, mke anazikwa mchana, na jioni hiyo hiyo mume amekaa peke yake sebuleni na mshumaa, nyumba kimya, ndipo mlango unaanza kulia. Nilimwuliza amezaliwa wapi. Akasema Pioneer, mtaa wa hapa hapa mjini. Nikaelewa. Mtoto wa mjini hujua mazishi ya kwenda na basi la kukodi: asubuhi mnaimba njia nzima, mnazika, mnakula, saa kumi dereva anapiga honi, mnarudi. Hajawahi kuiona jioni inayofuata. Alidhani basi likiondoka, kila mtu ameondoka.

"Jioni ya mazishi hakuna pa kuweka mguu," nilimwambia. "Wazee wako nje wanaota moto. Akina shangazi wamelala chini mpaka mlangoni. Unatafuta kiberiti chako, unakipata kwa mtu usiyemjua. Hata roho ikija itakosa kiti. Upweke hauji siku hiyo. Unakuja hema likishang'olewa na viti vya kukodi vikisharudishwa, na yule wa mwisho akishakuambia ujikaze na kupanda gari. Hapo ndipo uweke mshumaa wako."

Sikukusudia kusema yote hayo. Kijana akaniuliza polepole kama anaweza kuitumia. Nikamwambia aitumie, mimi imeshanitumia vya kutosha.

Tukaendelea. Ikaja sehemu ya mume anaporudi nyumbani baada ya miaka ishirini. Anasukuma geti, anasimama uani, anasema kwa huzuni kwamba hakuna binadamu aliyekanyaga hapo tangu siku ile. Na nyuma yake, penye kona ya jikoni, akatokea mke wangu.

Alikuwa na sweta yake ya kijani na beseni kiunoni. Alitazama juu, akaliona wingu, akaongeza mwendo kuelekea kwenye kamba ya nguo, akapotea nyuma ya ukuta. Nadhani mvua ilikuwa inakuja, na kwake yeye nguo zikinyeshewa ni msiba kuliko filamu ya mtu. Hakuiangalia kamera hata kidogo.

Nikasogea karibu na kompyuta. Kijana alinitazama, akarudisha nyuma, naye akaona.

"Ala! Ni Mama," akasema. "Pole, Mzee. Hatukumwona kabisa. Usijali, tutamtoa."

"Usimtoe."

Nilishangaa kuisikia sauti yangu. Sina picha yake nyingine inayotembea. Tunazo picha za harusi na za mahafali ya watoto, amesimama wima kama mtu anayengoja kupigwa sindano. Hapo tu ndipo alipokuwa yeye mwenyewe, ana haraka, amekunja uso, anafanya alichokatazwa. Nilitaka abaki. Nilitaka kuwe na mahali fulani duniani ambapo bado anapita.

Kijana alikuna kichwa. Akasema haiwezekani, hadithi yote imesimama juu ya nyumba tupu, na kosa hili si kama la bendeji, hata mtoto ataliona. Kisha uso wake ukachangamka. Akaifanya picha kuwa nyeusi kidogo, akampaka mke wangu rangi ya majivu, akaweka sauti ya kitu kizito kikianguka mbali. "Ona," akasema. "Sasa ni ile roho. Amebaki, na scene imekuwa moto zaidi."

Nikamtazama mke wangu akipita na rangi ya maiti. Hasira iliyonipanda nilidhani nimeiacha darasani. Lakini kijana alikuwa ametaka kunisaidia, na mtu anayetaka kukusaidia huwezi kumfokea. Nikamwambia nitafikiri.

Jioni nikampigia shemeji yangu, dada wa marehemu, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "dada yangu awe pepo? Yeye aliyekuwa kwa kwaya? Watu wa church wataniuliza, nitawaambia nini? Hapana. Waambie wamtoe, apumzike."

"Sitaki awe pepo. Nataka abaki vile alivyo."

"Sasa kama si pepo, na hapo hapafai kuwa na mtu, ni nini?"

Aliniombea kwenye simu, akanikumbusha nile. Nikala ugali wa mchana bila kuupasha moto, nikaiacha televisheni imezimwa. Tangu Agosti sikuwa nimetazama filamu hata moja. Ukiona kosa peke yako, linabaki kosa tu. Halichekeshi.

Asubuhi nilirudi ofisini. Kijana alikuwa hata hajafungua madirisha.

"Mwache awe kosa," nikamwambia.

"Mzee?"

"Usimtoe, na usimfanye roho. Mwache mama mwenye beseni anayepita mahali asipotakiwa. Watu waseme umekosea."

"Watanitukana, Mzee. Si wewe mwenyewe ulisema mtu akiona kosa atazima televisheni?"

"Ni kweli. Ningekuwa mtazamaji ningekutukana."

"Na bado unaniomba?"

"Nilikupa nyumba na sikukuomba kitu. Sasa naomba."

Alizungusha kalamu mezani kwa muda mrefu. Ilikuwa ni kazi yake ya kwanza, na nilijua nilichokuwa nikimwomba. Mwanafunzi akiniletea karatasi yenye kosa kama hilo, nilikuwa nazungushia duara mpaka karatasi inatoboka. Hatimaye akasema, "Nitaangalia, Mzee." Kwetu sisi, neno hilo linaweza kuwa ndiyo na linaweza kuwa hapana, na mara nyingi zaidi ni hapana. Nikashuka ngazi.

Hakunipigia tena mpaka siku ya kuionyesha filamu. Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja mjini, viti vya plastiki na mapazia meusi madirishani. Shemeji alikataa kuja. Watoto walinitumia ujumbe wa pongezi kana kwamba mimi ndiye niliyeigiza. Nilivaa koti la Jumapili, nikakaa safu ya katikati, na pande zote vijana walikuwa wakipiga kelele na kupitishiana bisi. Niliomba Mungu, tena waziwazi, kwa ajili ya kosa.

Bendeji ilikuwa imekaa mkono mmoja. Krismasi haikutajwa. Mume alikaa na mshumaa wake, lakini kwanza tuliona watu waking'oa hema na kupakia viti kwenye lori, na ukumbi ukatulia kidogo hapo. Nilijua geti linafuata. Likasukumwa, mume akaingia uani, akasema hakuna binadamu aliyekanyaga hapo tangu siku ile.

Akapita. Sweta ilikuwa ya kijani, si ya majivu, na hapakuwa na sauti ya kitu kuanguka. Alitazama wingu, akakunja uso, akaharakisha na beseni lake, akaenda.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wengine walipiga makofi. Nilimwona kijana pale mbele akiinamisha kichwa, naye alijua kitakachokuja, na hakuwa amemtoa. Nyuma yangu msichana mmoja alikuwa akicheka mpaka analia.

"Cheki huyo mathe!" akamwambia mwenzake. "Anapita tu hivyo, ni kama hapo ni kwake!"

Nikageuka. "Ni kwake," nikamwambia.

Alidhani ni mzaha. Akacheka zaidi, akaninyooshea mfuko wake wa bisi, nami nikachukua.