Wanzala Huhesabu Vidole Kabla ya Kuwasha Mashine

Kuna watu wakiamka huomba, wengine hushika simu. Mpwa wangu Wanzala huhesabu vidole. Anavyo tisa na nusu, kwa hivyo hesabu yenyewe haimalizi dakika mbili.

Ile nusu nyingine ilienda na msumeno wa umeme mwaka jana, hapa Kawangware kwa karakana ya Munyao. Wanzala hupasua mbao, mimi hupaka vanishi. Sitaki kujisifu, lakini viti vilivyong'aa kwa mkono huu ni vingi kuliko siku nilizokaa shule. Siku hiyo Wanzala hakuwa amelewa, wala hakuwa na usingizi. Mikono ilikuwa kwa mashine, akili ilikuwa imebaki nyumbani Mashimoni ikimalizia ugomvi wa asubuhi na bibi yake, Jentrix.

Munyao alimpeleka akafungwa kidonda, kisha akamwambia wazi, "Ukijikata tena, hii mashine utaisikia tu ukiwa kule kwa msasa."

Kupiga msasa ni kazi ya wanaoanza. Fundi aliyepasua mbao miaka tisa akirudishwa huko, hata salamu za watu hubadilika.

Nesi aliyemfunga kidonda ndiye aliyempa dawa ya akili. Kila siku kabla ya kuwasha mashine, ashike kidole kimoja kimoja, kila kidole pumzi moja, asiwaze kingine. Akili ikitoroka, aanze upya. Mimi nilikuwa nimemwambia zamani, "Kijana, angalia unachofanya," lakini kwetu mjomba ni khocha, na maneno ya khocha hayavai koti jeupe.

Wiki ya kwanza alisahau siku tatu. Nikamwambia aunganishe na aproni: ukishafunga kamba, unahesabu. Hiyo ni yangu, nesi asininyang'anye. Tangu hapo hajaruka siku.

Watu walidhani anaomba. Kaveke, mama wa uji, akaja kumnong'oneza amtajie binti yake aliye na mtihani.

"Mama, mimi nahesabu tu vidole," Wanzala akasema.

Kaveke akanigeukia. "Huyu wenu ni wa kanisa gani?"

"La vidole," nikamjibu. "Sadaka ni nusu kidole."

Hakucheka, lakini kikombe cha Wanzala alikiongeza uji.

Sasa, Alhamisi moja mteja kutoka mtaa wa Ayany alikuwa anangoja kitanda chake jioni hiyo hiyo. Nyumbani, mtoto wa Wanzala, Austin, alikuwa ameamka na homa kali, Jentrix akamkimbiza dispensari. Wanzala akafunga aproni, akahesabu. Akafika nne, akarudi mwanzo. Akafika sita, akarudi. Mara ya tatu alikwama kwa mbili.

"Wanzala, vidole vimezaa?" Munyao akaita.

Wanzala akamwendea. "Bosi, leo sipo. Nipe msasa."

Nikamvuta kando. "Umerogwa? Kitu umekiogopa mwaka mzima, leo unajipeleka mwenyewe?"

"Khocha, nimejaribu mara tatu."

"Basi nikuhesabie mimi."

"Wewe utafika kumi. Lakini mkono utakaokuwa kwa mashine ni wangu."

Nilirudi kwa vanishi yangu.

Munyao akashika msumeno mwenyewe, na tumbo lake lile, mtu ambaye hajapasua mbao miaka mingi. Ubao ambao Wanzala angeumaliza kwa pumzi moja ulimchukua robo saa. Wanzala alishinda na msasa katikati ya wanaoanza, vumbi mpaka kwa kope, wakimchungulia. Saa saba Jentrix akapiga simu: ni malaria, mtoto amepewa dawa na amekunywa uji. Hata hivyo Wanzala hakurudi kwa mashine. Kitanda hakikuisha, na mteja akaondoka akituita waongo.

Ijumaa asubuhi tulimkuta Munyao amesimama karibu na swichi. Nilijua ni msasa tena, labda hata kuonyeshwa mlango. Wanzala akafunga aproni akahesabu, polepole, bosi akimwangalia.

"Umefika ngapi?" Munyao akauliza.

"Vyote."

Munyao akasogea kando. "Basi pasua. Na siku usipofika kumi, uniambie mapema, nisimwahidi mtu kitanda."