Jarida Lililofungiwa Kabatini

Miaka ile Mwanza kila mtu alikuwa anafungua kitu. Huyu duka, yule baa, na mwenzangu aliyefundisha fizikia aliacha chaki akaenda Mkuyuni kuuza mitumba. Mimi nilibaki chuoni, kule kwenye mawe ya Ilemela, nikihangaika na nadharia ya makundi, tawi la hesabu. Mke wangu aliniuliza mara moja tu kazi hiyo inahusu nini. Nilichukua stuli ya mraba, nikaizungusha robo, kisha robo nyingine, nikamwonyesha kwamba kila mara inaonekana vilevile. Ukizikusanya njia zote za kuigeuza bila kujulikana imegeuzwa, nikamwambia, umepata kundi. Alitazama stuli, akanitazama mimi, akaenda kukaanga sato.

Nilikuwa najaribu kuthibitisha jambo moja: kwamba makundi ya aina fulani, hata yawe makubwa kiasi gani, lazima yavunjike kuwa vipande vidogo vinavyoeleweka. Nililifanyia kazi miaka sita, ofisini kwangu kando ya maktaba, nikiandika nyuma ya karatasi za mitihani iliyokwisha kusahihishwa, maana karatasi nyingine hatukuwa nazo. Nilitaka liwe langu. Sitajifanya mnyenyekevu: nilitaka huko duniani iandikwe kwamba lilithibitishwa na mwalimu wa Mwanza.

Chuo kiliacha kununua majarida ya hesabu serikali ilipoishiwa fedha za kigeni. Nilipita mara kwa mara maktabani kwenye rafu ya majarida hayo, nikaona vumbi, nikatoka. Mkutubi wetu, mzee wa Kisukuma mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, sikuwahi kumwuliza kitu. Nilidhani najua jibu.

Nilipomaliza, niliipeleka kazi kwa posta kwenye jarida moja la Ulaya. Majibu yalikuja baada ya miezi minane, nikayasoma palepale posta, nimesimama. Mhariri aliandika kwa adabu kwamba nilichothibitisha ni kweli tupu, ila kilikuwa kimeshathibitishwa zamani. Akataja jarida, toleo na ukurasa. Nilipigwa na butwaa. Nikaketi kwenye ngazi huku watu wakinipita. Mama mmoja aliniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu ndiyo, maana sikuwa na neno lingine.

Nilikwenda moja kwa moja maktaba kuomba anuani ya maktaba kubwa ya Dar es Salaam, nipate nakala niione kwa macho yangu. Nilimwamkia mkutubi, nikamwonyesha jina la jarida. Alilisoma taratibu, akatoa funguo kwenye droo.

"Hili tunalo, mwalimu."

Nikadhani hakuelewa. Alinipeleka kwenye chumba chake cha nyuma, akafungua kabati la chuma. Ndani yalikuwemo maboksi matatu ya majarida, yamefungwa kwa nailoni. Alieleza kwamba yalikuwa msaada wa chuo kimoja cha nje, yakafika mwaka uleule nilipoanza kazi yangu. Angeyaweka rafuni yangechanwa na kuishia kufungia karanga sokoni. Hilo halikunishangaza. Nyumbani kwetu Kisesa mama alikuwa na vikombe sita vya udongo kabatini, nasi tulinywea chai vikombe vya bati mpaka alipofariki. Kitu kizuri kwetu kinatunzwa, hakiguswi. Kilichonishtua ni umbali. Kati ya kabati lile na meza niliyoandikia palikuwa na ukuta mmoja tu.

Nilifungua ukurasa uliotajwa. Kazi yangu ilikuwa na kurasa arobaini na moja. Ya yule aliyenitangulia, mbili na nusu. Kufika mstari wa nane nikaiona njia aliyopita, njia ambayo mimi niliikaribia mwaka wa kwanza nikaiacha. Ilikuwa nzuri. Nilikasirika kwamba ilikuwa nzuri.

Mzee alikuwa akinitazama, amefurahi kabisa.

"Niliona ni ya hesabu," alisema, "na hapa anayesoma hesabu hizo ni wewe peke yako. Kwa hiyo nilikutunzia. Hakuna aliyeyagusa."

Nilimwuliza kwa nini basi hakuniambia.

"Kila siku unapita una haraka. Nilikuwa nasubiri uje uulize, mwalimu."

Nilikuwa nimejiandaa kufoka. Hasira iliniisha, ikabaki aibu. Nilimwomba maboksi yote matatu, nikayabeba moja moja hadi mezani kwangu, naye akinishikia mlango.