Pembe Alizozishona Kabagwira

Dorothée hakuwa mtu wa kutulia, lakini wiki ile alipita kiasi. Anakaa, anasimama, anatia uzi kwenye sindano, anautoa tena. Alikuwa ameshona nembo za wanajeshi sokoni Baraka miaka kumi na mmoja, na humdanganyi: chui ni wa kuogopesha, mkuki ni wa kulinda, nyekundu ni damu, na mkubwa asiyejua anachotaka huagiza vyote vitatu.

Mchoro alioleta ajida Patrice, msaidizi wa kamanda, ulikuwa mwingine kabisa. Mlima, ngumi juu yake, na chini kichwa cha ng'ombe mwenye pembe zilizovunjika. Kikosi kilikuwa kinajiandaa kupanda Minembwe, milimani kwa wafugaji wa ng'ombe. Dorothée aliuelewa papo hapo, akaona haya, na badala ya kuukataa akauweka chini ya mkasi. Siku tatu! Mdomo uliozoea kubishana na soko zima ulikosa neno moja la kumwambia Kabagwira.

Kabagwira ndiye aliyeshona naye meza moja. Aliteremka kutoka Minembwe baada ya ng'ombe wa baba yake kunyang'anywa, na kwa miaka miwili walikula ugali na ndagala sahani moja. Dorothée aliogopa kumpoteza, akanyamaza. Mficha uchi hazai, lakini nani wa kumkumbusha?

Siku ya nne alichelewa hadi alasiri, akakuta Kabagwira ameuona mchoro chini ya mkasi na amekwisha kushona nembo tano. Pembe zilikuwa nzima, ndefu, zimepinda juu vizuri.

"Ule mwenye alichora hajue ng'ombe," Kabagwira alisema huku akicheka. "Alikata pembe katikati. Nimemutengenezea. Kwetu ng'ombe ya pembe ya kuvunjika hatuonyeshe bageni."

Dorothée hata hajafungua kinywa, ajida huyo kaingia, akaokota nembo moja, akakunja uso.

"Nani alifanya hii?"

"Ni mi, ajida," Dorothée alisema haraka. "Kosa ni yangu."

"Basi, rudilia yote. Komanda anataka pembe za kuvunjika. Batu ba kule juu baone, baelewe."

Kabagwira aliacha kucheka. Akaitazama ile karatasi ya mchoro, kisha akamtazama mwenzake.

"Mama Dorothée, ulijua?"

Uongo ulikuwa karibu, na ungeaminika.

"Nilijua tangu alileta karatasi."

Dorothée akaichukua karatasi, akamsukumia ajida kifuani. "Kamata kitu yako. Mi siwezi shona hii. Tafuta mushonaji mwingine." Hakulirudisha neno hilo.

Neno zuri, ila lilichelewa siku tatu. Kabagwira alikuwa amekwisha kukunja kitenge alichokalia, na aliondoka kabla ajida hajajibu.